Barua ya wazi kwa Mlinzi wa Mihuri, kuhusu picha za ukutani na daftari la kabatini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria, Mlinzi wa Mihuri ya Jamhuri
Gombe, Kinshasa

Kuhusu: ombi dogo juu ya majina ya watu waliofilisika

Mheshimiwa Waziri,

Pokea kwanza salamu zetu za unyenyekevu kutoka Kisangani, mji ulio zaidi ya kilomita 1,700 za mto kutoka mlangoni pako, ambako wizara yako hutajwa kwa adabu hata na watu ambao faili zao zimelala mahakamani mpaka zikashika vumbi. Naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Adabu ingetaka nikuandikie faraghani, lakini barua za faragha zina mazoea ya kufika kwa katibu wa katibu na kupumzika hapo, nami sikutaka kumwongezea mzigo. Radhi ya pili naiomba kwa ajili ya lugha. Wapo walionishauri kwamba waziri huandikiwa Kifaransa, na ukikosa Kifaransa basi Kilingala. Nikawajibu kwamba Katiba ya 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sidhani kama ilikitaja kwa ajili ya mapambo.

Mimi ni mtu mdogo wa komini ya Kabondo. Kazi yangu ni kuwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vyao vya hesabu: mama wa makayabu, muuza mawese, kijana mwenye vipuri vya baiskeli za toleka. Naandika walichonunua, walichouza, wanachodai na wanachodaiwa. Kwa hiyo nazijua siri za watu, Mheshimiwa, na wananilipa kidogo sana ili nisizitoe. Labda ndiyo sababu jambo ninalokuletea linanikereketa kuliko linavyomkereketa mpita njia.

Kuna ofisi moja ya mikopo hapa mjini. Jina lake sitalitaja, maana sipendi kuitendea yale inayowatendea wateja wake. Ukiingia, kabla ya kufika dirisha la kwanza unapokewa na ubao. Juu yake zimepangwa picha za rangi, kila moja na jina kamili, avenyu na namba ya nyumba, kiasi kwa dola, na neno moja la kalamu nyekundu. Picha zenyewe hawakuzipiga wao. Ni zile zile za pasipoti ambazo mkopaji alizileta mwenyewe siku ya kufungua faili. Mama mmoja ninayemtunzia kitabu, muuza makayabu, alikwenda studio siku ile akiwa amesuka upya na kuvaa kitenge cha sikukuu, akacheka kidogo mbele ya kamera kwa kuwa mpiga picha alimwambia wakopeshaji hawapendi uso wa huzuni. Cheko hilo ndilo lililokuja kukaa ubaoni, safu ya pili kutoka juu, pini imechomekwa karibu na paji la uso, na chini yake dola 280.

Alifilisikaje? Kitabu ninacho, na mwenyewe ameniruhusu nikisome hadharani ila jina. Mzigo wake ulipakiwa Kinshasa kwenye boti la mbao. Maji yakapungua, boti likakwama mchangani, turubai likavuja, na samaki wa chumvi akishanyeshewa hana mteja. Mama huyu hakula mtaji harusini wala hakununua pikipiki. Aliuza cherehani, akaweka na zamu yake ya likelemba, yaani upatu, akachelewa miezi kadhaa, lakini deni akalimaliza. Siku ya malipo ya mwisho karani alibandua picha kwa upole na kumrudishia. Shida ni kwamba ubao ule ulikwisha kupigwa picha na watu, ukazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp: la soko, la kwaya, la wazazi wa shule. Ofisini amelipa; kwenye simu za watu bado anadaiwa dola 280. Hata mtu wa Kinshasa aliyekuwa akimpa mzigo kwa mali kauli aliipata picha. Siku hizi anataka fedha taslimu kwanza, tena zote.

Kwa kuyaona hayo nikadhani labda Jamhuri yetu haina sheria ya mambo haya, nikafanya ujasiri wa kwenda kusoma. Naomba nitamke mbele ya wote kwamba sheria tunayo, na ni nzuri. Tangu 12 Septemba 2012 tumo katika OHADA, pamoja na nchi nyingine 16 za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara. Sheria yake juu ya wanaoshindwa kulipa madeni ilipitishwa mwaka 1998, ikafanyiwa marekebisho Grand-Bassam tarehe 10 Septemba 2015. Aliyeiandika, nadhani, aliwahi kumwona mtu akifilisika kwa karibu. Anayeona maji yanamfika shingoni anaweza kwanza kuomba upatanishi na wanaomdai, na upatanishi huo sheria yenyewe inasema ni wa siri. Ukishindikana kuna mpango wa kulipa chini ya jicho la mahakama, na kwa wadogo upo mpango mwepesi zaidi. Mambo yakizidi ndipo hukumu inaandikwa katika Daftari la Biashara na Dhamana za Mikopo, lile tunalolitaja kwa herufi zake nne, RCCM, na tangazo linatolewa gazetini ili kila anayedai ajitokeze.

Halafu kuna jambo ambalo nililisoma mara mbili kwa furaha. Sheria inamtenga aliyepatwa na msiba wa biashara na aliyekula mali ya watu. Kutangazwa mufilisi yeye binafsi, na kunyimwa biashara na vyeo, kumewekwa kwa ajili ya huyu wa pili: aliyeficha hesabu, aliyehamisha mali usiku, aliyekopa kwa hila. Na hata kwake adhabu hiyo haiwezi kuzidi miaka 10, kisha iko njia ya kumrudishia heshima yake mahakamani. Yaani mwongo wa kisheria ana tarehe ya mwisho, na mama wa makayabu kwenye WhatsApp hana.

Sasa, Mheshimiwa, niruhusu nieleze jinsi daftari hilo zuri linavyoonekana kutoka chini. Niliwahi kutumwa na mteja kuuliza kama mnunuzi mmoja wa mchele aliwahi kutangazwa mufilisi. Nilifika kwenye ofisi fulani ya umma, katika mji fulani wa Jamhuri ambao naomba usiniulize. Nilipokewa vizuri mno, nikapewa kiti. Nikaelezwa kwamba daftari ni la wananchi wote, kwa hiyo limefungiwa kabatini ili mwananchi mmoja asiliharibu. Kwamba ufunguo uko kwa mkubwa. Na kwamba mkubwa yuko misheni Kinshasa. Kiti kilikuwa kizuri. Mteja wangu alimpa yule bwana mchele kwa mali kauli baada ya kumtazama usoni, na yaliyofuata sitayaeleza, maana mwenye hasara hajanipa idhini.

Ndipo nilipoona tuna madaftari mawili, na yamegeuzwa juu chini. Lile la sheria, lenye hakimu, lenye rufaa, lenye mwisho, limefungwa kwa anayelihitaji. Lile la ukutani, ambalo hakuna hakimu aliyelitia sahihi, liko wazi kwa kila mwenye macho, hata kwa mtoto aliyetumwa kuchenji noti. Anayetaka kujua kama mshirika wake wa biashara ni mwizi hapati jibu. Anayetaka kujua kama jirani yake ameshindwa kulipa dola 280 analipata bila kuuliza.

Tafadhali usinielewe kwamba nataka siri tupu. Kazi yangu isingekuwapo kama watu wote wangefichana hesabu. Anayetoa mzigo kwa mkopo ana haki ya kujua anampa nani, na sheria za nchi nyingi zimekubali kwamba kufilisika si jambo la chumbani peke yake. Marekani, kwa mfano, majalada ya mahakama za ufilisi yako kwenye mtandao wa serikali, na mtu yeyote mwenye akaunti huyasoma kwa senti 10 ukurasa mmoja. Sipendekezi tufike huko. Kule unaweza kusoma hadi orodha ya fanicha za mtu. Ufaransa, ambako tumechukua nusu ya misamiati ya mahakama zetu, wana hekima nyingine: tangu 1989 Banki yao Kuu ina faili la watu binafsi walioshindwa kulipa mikopo, lakini wanaolitazama ni wakopeshaji, na mwenye jina anaweza kuona kilichoandikwa juu yake. Jirani halioni. Hata sisi Banki Kuu ya Kongo ina kitengo chake cha kukusanya habari za mikopo kutoka kwenye mabenki, nazo hazibandikwi sokoni. Kwa hiyo tunaelewa vizuri sana tofauti kati ya kumwonya anayekopesha na kuwafurahisha wapita njia. Tunaielewa hasa mdeni akiwa mkubwa.

Hapo ndipo naomba nipunguze sauti.

Sheria ile ile ya OHADA inasema aliyetangazwa mufilisi hawezi kushika cheo cha umma cha kuchaguliwa kwa muda wa adhabu yake. Ni sharti la maana. Lakini mpiga kura wa komini ya Mangobo au Lubunga atajuaje, ikifika 2028, kwamba anayemletea fulana na chumvi hana hukumu ya aina hiyo juu ya kichwa chake? Nao wagombea picha zao hubandikwa ukutani, Mheshimiwa, tena kubwa kuliko za mama wa makayabu, na wote wanacheka. Ila chini yake huandikwa namba ya kura.

Mwaka 2016 benki ya BIAC ilipokaukiwa, wenye akiba walisimama nje wakingoja kupewa fedha zao wenyewe kwa mafungu madogo. Sikusikia kwamba kuna ubao uliotundikwa Gombe wenye neno la kalamu nyekundu. Wapo pia wafanyabiashara walioiuzia serikali saruji, karatasi na mafuta, wakapewa karatasi yenye muhuri, wakaizeekea. Deni hilo la ndani halina picha. Wala sithubutu kupendekeza picha ya Hazina ibandikwe popote, kwa sababu sijui ingekuwa ya nani. Nasema tu kwamba baadhi ya watu walio ubaoni wako pale kwa kuwa serikali haijawalipa, na kwamba anayesoma ubao haambiwi hivyo.

Wengine wako pale kwa sababu za zamani zaidi. Umri wangu unaniruhusu kukumbuka Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Makombora yaliyoangukia nyumba hayakuuliza ndani kuna mtaji wa nani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na milioni 40 kati ya hizo ni za mali iliyoharibiwa nchini kote. Uganda ilipewa miaka mitano kuzimaliza, kwa mafungu. Nakiri nilifurahi kuona kwamba hata taifa zima, likidaiwa, hupewa mpango wa kulipa kidogo kidogo, na hakuna aliyechoma pini kwenye paji la uso wa mtu.

Huenda ukasema, kwa haki kabisa, kwamba mji wetu umezoea kesi za madeni tangu haujawa mji. Ni kweli. Tippu Tip, aliyefanywa liwali hapa kwenye maporomoko mwaka 1887, aliishi kwa mikopo ya Taria Topan wa Unguja, na Stanley huyo huyo aliyempa uliwali alimshitaki baadaye Unguja mbele ya mahakama ya kibalozi ya Waingereza, akitaka fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa wakala wake, hadi dai lenyewe lilipoachwa. Sina haja ya kumsifu Tippu Tip. Babu zetu wa Tshopo walimjua kwa mambo mengine kuliko hesabu. Lakini habari za mikopo yake sisi tunazijua kwa sababu alizisimulia mwenyewe kwa Kiswahili alipokuwa mzee, kwa namna aliyotaka, akichagua la kutaja na la kuruka. Muuza makayabu hakupewa nafasi hiyo.

Labda wizara ingependa mfano wa mtu mdogo aliyesikilizwa. Yuko Mhispania, Mario Costeja González. Mwaka 1998 gazeti la La Vanguardia la Barcelona lilichapa matangazo mawili mafupi ya mnada wa mali yake kwa ajili ya deni la hifadhi ya jamii. Mambo yakaisha. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kila aliyeandika jina lake kwenye Google aliletewa mnada ule kana kwamba ni wa kesho asubuhi. Akalalamika, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kule Luxembourg, na tarehe 13 Mei 2014 ikaamuliwa kwamba mtambo wa kutafutia uondoe kiungo kile kwenye jina lake. Gazeti halikuchanwa. Ukurasa wa 1998 ukabaki mahali pake, kwa anayetaka kwenda kuutafuta. Maskini mwenyewe, kwa kuomba asahauliwe, akawa mdeni mashuhuri kuliko wote duniani, lakini hilo si kosa la mahakama.

Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa busara kwa sababu hiyo hasa: kumbukumbu ikae, ila isimfukuze mtu barabarani. Na sisi Google yetu ni kundi la kwaya.

Karibu zaidi na nyumbani, Kenya walikuwa na wakopeshaji wa kwenye simu waliokuwa wakiwapigia shemeji, mwajiri na mchungaji wa mdeni. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa kule aliitoza kampuni moja, Mulla Pride, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kutuma ujumbe wa vitisho. Nasi tumeamka. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake binafsi, na Kanuni ya Digitali iliyotiwa sahihi 13 Machi 2023 imeweka masharti juu ya data za watu, pamoja na mamlaka ya kuzilinda. Nauliza tu, kwa woga unaostahili: mamlaka hiyo ikihitaji meza Kisangani, itakaa wapi? Kiti nimekwisha kukiona.

Kuna jambo moja ningelipenda liachwe nje ya barua hii ya upole, lakini watu wangu wamesisitiza. Picha ya ukutani huwa haiji peke yake. Baada yake huja karatasi ya kuitwa, mara kwa ofisa wa polisi, mara parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Deni ambalo ni la daftari tu linavalishwa nguo za jinai, linaitwa kuvunja uaminifu au utapeli, na mdeni analala ndani mpaka ndugu wachange. Jamhuri imejifunga tangu 1976 kwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Mwendesha mashtaka anaujua. Ofisa anaujua. Ndugu wanaochanga ndio hawaujui, kwa hiyo wanachanga.

Wala sijasema juu ya mwalimu. Sheria ya OHADA inamgusa anayejitegemea kwa biashara, ufundi, kilimo au kazi yake huru. Mwalimu wa Tshopo aliyekwenda kwa Banque Lambert, yule mkopeshaji wa mtaani anayebaki na kadi yako ya benki na kuchota mshahara kabla yako, hana mlango katika sheria ile. Hawezi hata kufilisika rasmi. Sifa hiyo inahitaji stakabadhi ambazo hana. Niseme ukweli, na mama wa makayabu pia, ingawa sheria inamhesabu, hajawahi kusikia kwamba upo upatanishi wa siri mahakamani. Nilipomweleza aliniuliza unagharimu kiasi gani, na wakili anapatikana wapi, na kama atalazimika kupeleka picha.

Basi, Mheshimiwa, haya ndiyo ninayothubutu kuyaomba, na ukiyaona mengi, kata mengine, sitahesabu.

Naomba waraka mmoja mfupi, wewe na ndugu yako Gavana wa Banki Kuu, unaowaambia wote wanaokopesha kwa leseni kwamba picha aliyoitoa mtu ili afunguliwe faili ni ya faili. Zibanduliwe. Anayeendelea kubandika aeleze kwa hakimu alipata wapi idhini. Sitaki wakopeshaji wadhurike. Wao pia wana wenye akiba nyuma yao, na mdeni sugu yupo, namjua, nina vitabu vyake. Lakini huyo apelekwe mahakamani, ambako atapata nafasi ya kujibu.

Naomba daftari la mahakama lifunguliwe hapa hapa Kisangani, si kwa maneno. Jina likiandikwa hapa, sheria inataka lifike kwenye faili la taifa Kinshasa, na kutoka huko hadi faili la nchi zote kwenye Mahakama ya Pamoja ya OHADA kule Abidjan. Ikiwa linaweza kufika Abidjan, naamini linaweza kufika dirishani. Anayetaka kuangalia aje na kitambulisho, aseme sababu, na jina lake nalo liandikwe, tarehe na saa. Mwenye deni awe na haki ya kusoma ukurasa huo wa pili na kuwajua waliomuulizia. Nimelijaribu wazo hili kwa wateja wangu, na niliona jinsi wale wanaopenda sana kuuliza habari za wenzao walivyonyamaza.

Wanaogombea vyeo, na wanaoendesha makampuni yenye fedha za umma, hao wasihitaji kuulizwa sababu. Kwao daftari liwe wazi kama mabango yao.

Halafu tarehe. Hukumu ikifika mwisho wake, jina litoke bila mtu kupiga hodi na bila kulipia karatasi ya kumaliza karatasi. Na anayerudishiwa heshima arudishiwe kwa sauti ile ile iliyomtangaza: kama alisomwa redioni kabla ya taarifa ya habari, asomwe tena redioni kabla ya taarifa ya habari, si katika Gazeti Rasmi ambalo hapa Kisangani nakala yake ni mali ya kurithishana. Mahakama ikipata nafasi, ile hatua ya upatanishi ielezwe kwa Kiswahili na Kilingala katika masoko, na mtu wa mahakama mwenyewe aje, siyo bango. Mabango tumekwisha kuyaogopa.

Najua una mambo makubwa kuliko haya. Mashariki kuna vita, magereza yamejaa, na mahakimu wanadai mishahara. Sikuandika ili ulitangulize jambo langu. Nimeliandika kwa sababu ni la bei rahisi. Sehemu kubwa yake ni kubandua pini. Na kwa sababu mama yule amenunua boksi moja la makayabu kwa fedha taslimu wiki hii, boksi moja ambapo zamani alichukua kumi, na nimeliandika kwenye kitabu chake, na yeye ameniambia nisimwambie mtu ni kiasi gani cha faida anatarajia. Kwa hiyo sikuambii.

Pokea, Mheshimiwa Waziri, uhakikisho wa heshima yangu ya juu kabisa, pamoja na ya wateja wangu wote, wanaolipa na wanaochelewa. Nakala ya barua hii imetumwa kwa taarifa kwa Gavana wa Banki Kuu, kwa Gavana wa Jimbo la Tshopo na kwa Rais wa Mahakama ya Biashara, ambao nawaomba radhi kwa zamu. Na kama kwa kukuandikia hivi kuna ada, ushuru wa stempu au faini yoyote ninayodaiwa na wizara yako, nitalipa kwa awamu. Ila naomba hesabu yenyewe iletwe Kabondo ndani ya bahasha iliyofungwa, bila picha.

Wako mtiifu,
Mtunza vitabu wa soko
Komini ya Kabondo, Kisangani